Besi Chini ya Kiti cha Kasyoka

Kasyoka hakuzaliwa kiziwi. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, fundi wa sare za shule mjini Kitui, na masikio yake yalikuwa mazima mpaka alipougua kifua kikuu, kile kikaidi kisichotishwa na vidonge vya kawaida. Alidungwa sindano kwa miezi minane. Kifua kilipona. Masikio yalikwenda kidogo kidogo: kwanza ndege wa asubuhi, kisha mlio wa simu, kisha sauti za watoto wakitoka shule. Siku moja alikanyaga cherehani yake, akaona sindano ikipanda na kushuka, lakini mlio wake haukuwapo.

"Afadhali kupoteza masikio kuliko kuingia kaburini," kaka yake Muli alimwandikia kwenye karatasi.

"Hakuna aliyenipa nichague," Kasyoka alijibu. Ulimi wake ulikuwa haujapotea.

Muli alikuwa kifungua mimba wa familia, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na hakuwa mtu mbaya. Ni yeye aliyembeba dada yake mgongoni usiku ule alipotapika damu. Lakini tangu Kasyoka arudi kutoka hospitali, Muli alishika kila kitu. Alipokea simu za walimu wakuu waliotaka sare. Alipeleka mizigo. Watu walipomuuliza Kasyoka jambo, Muli alijibu kabla hajawageukia. Na ufunguo wa gari la Kasyoka alikwenda kuuangika kwenye msumari sebuleni kwake mwenyewe. Kwa muda tu, alisema. Muda huo ukawa miaka mitatu.

Gari lenyewe lilikuwa Corolla ya mwaka tisini na tatu, rangi ya chai yenye maziwa mengi, ambalo Kasyoka alilinunua kutoka kwa mwalimu mkuu aliyekuwa anastaafu. Redio yake ilikuwa ya kaseti. Ilimeza kaseti ya kwaya siku ya kwanza na haikuirudisha tena.

Mwaka wa pili baada ya kuugua, Kasyoka alikwenda kwa daktari, akaandikiwa barua, akajaribiwa barabarani kwa gari la shule ya udereva, akapewa leseni yake upya. Alibandika vioo vidogo vya duara juu ya vile vya pembeni vya Corolla, na ndani akaweka kioo kirefu kinachoonyesha nyuma yote. Hata hivyo ufunguo ulibaki kwenye msumari wa Muli.

Ijumaa moja ya Februari, lori la matangazo lilikuja soko la Kalundu kuuza sabuni. Lilikuwa na spika ndefu kama makabati. Kasyoka alikuwa amepita hapo kununua vifungo. Mguu wake wa kushoto ndio uliosikia kwanza. Alisimama. Kitu kilipanda kwenye goti, kikaingia mbavuni, halafu mbali kabisa, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba ya jirani, akakisikia na masikioni.

Daktari alikuwa amemwambia kwamba sauti nene zilibaki kidogo, kama maji yanayobaki tangini chini ya usawa wa bomba. Kasyoka hakumwamini. Sasa alisogea mpaka karibu na lori, akaweka kiganja kwenye ubao wake. Ilikuwa benga. Gitaa la besi lilipanda mara tatu, likapumzika, likashuka. Muziki aliokuwa akiucheza ujana wake wote, na kwa miaka mitatu alidhani umeondoka kabisa. Alianza kucheza pale pale, mfuko wa vifungo mkononi. Aliona kijana mmoja akimcheka na kumwonyesha mwenzake. Aliendelea kucheza mpaka lori likaondoka.

Jioni alikwenda kwa Muli.

"Nataka kuweka redio mpya kwa gari," alisema.

Muli aliandika: *Ya nini?*

"Ya muziki."

*Ya nani?*

"Yangu."

Muli aliweka kalamu chini. Akamtazama mke wake, kisha akatazama dari.

Fundi wa redio wa kwanza ambaye Kasyoka alimwendea mjini Kitui alicheka mpaka akamwita jirani yake aje asikie. Wa pili alikuwa na heshima. Alimwandikia: *Mama, kuja na mtu atakayeskiza tukijaribu.* Kasyoka alimrudishia kalamu yake, akaondoka. Ndipo kwenye simu alipoona video za fundi mmoja wa Makindu, anayeitwa Roble, ambaye huwawekea muziki madereva wa malori ya barabara ya Mombasa. Alimwandikia ujumbe kwa namba iliyokuwa kwenye video, kuuliza kama Corolla ya zamani inaweza kuingia redio ya kisasa. Roble alijibu kwamba gari lolote lenye betri linaweza, karibu Jumatatu.

Jumapili baada ya ibada, familia ilikunywa chai kwa Muli. Kasyoka alimaliza kikombe chake, akainuka, akauchukua ufunguo kutoka kwenye msumari mbele ya watu wote. Muli naye akainuka. Alisema mengi kwa Kikamba, haraka, kichwa kikienda huku na huku, na Kasyoka hakuweza kufuata midomo yake. Alitoa simu. Ilikuwa na programu ya kugeuza maneno kuwa maandishi, na programu hiyo ilijua Kiswahili na Kiingereza. Kikamba haikukijua.

"Sema Kiswahili," alimwambia, akiinua simu mbele ya kinywa chake.

Jambo hilo lilimuuma Muli kuliko ufunguo. Kuzungumza Kiswahili na dada yake wa tumbo moja, ndani ya nyumba yake, kama wako ofisini kwa chifu.

"Utagongwa," alisema. Simu ikaandika: *Utagongwa.*

"Nimesoma. Kesho naenda Makindu kwa Roble wa redio. Gari ni langu, leseni ni yangu, na jina kwenye kitabu cha gari ni langu."

Aliondoka Kitui jua likichomoza, akapita Mutomo na Ikutha, akavuka mto Athi, akatokea Kibwezi. Hapo alikata kulia kuingia barabara kuu ya Mombasa, akakaa upande wake akiacha malori yampite. Kila baada ya pumzi chache alitazama vioo vyake: cha kulia, cha ndani, cha kushoto. Aliona madereva wenye masikio mazima wakiendesha huku wamebana simu begani. Yeye aliendesha akitazama. Mara mbili alisimama kando, akanywa maji, akaendelea.

Karakana ya Roble ilikuwa ya mabati, nyuma ya kituo cha malori. Mwenyewe alikuwa mwanamume wa miaka hamsini hivi, ndevu zimetiwa hina, aliyehamia Makindu kutoka Garissa akiwa kijana. Kando ya karakana kulikuwa na kibanda cha chai cha mama mmoja aitwaye Wanjiro. Kasyoka aliweka simu yake juu ya boneti ikiwa wazi, tayari kuandika.

"Mimi ni kiziwi," alimwambia Roble. "Nimebaki na sauti nene kidogo, na mwili wangu wote unaskia. Nataka redio mpya na besi. Ukiongea, hiyo simu itaniandikia."

Roble alitazama simu, akamtazama yeye. Kabla hajafungua kinywa, simu yake mwenyewe iliita. Mikono yake ilikuwa imejaa grisi, kwa hiyo akabonyeza kwa kifundo cha kidole na kuiweka sauti ya wazi, hapo hapo kwenye boneti.

Kasyoka aliona maneno yakianza kutokea kwenye kioo cha simu yake.

*Wewe ndio Roble wa redio. Kuna mama anakuja hapo na Corolla. Ni dada yangu. Haskii kitu. Mwambie hiyo gari ni ya zamani redio mpya haiwezi kuingia. Sema tu hivyo arudi nyumbani. Nitakutumia ya chai.*

Roble alimwona akisoma. Alinyoosha kidole cha grisi kukata simu, lakini Kasyoka aliwahi kuinama.

"Muli," alisema karibu na simu ya Roble. "Nimesoma. Yote."

Kisha akamwachia Roble akate mwenyewe.

Roble alifuta mikono kwa kitambaa.

"Mama, mimi sinunuliwi na chai," alisema, polepole ili simu imshike vizuri. "Lakini nitakuuliza na usikasirike. Watu wananilipa kwa sababu ya sauti. Kesho ukirudi useme huskii kitu, mimi nitajitetea na nini?"

Lilikuwa swali la haki, na Kasyoka alilipenda kwa sababu aliulizwa yeye.

"Nijaribu," alisema.

Uwanjani palikuwa na lori la mteja lililokuwa limemaliza kuwekewa muziki. Roble alipanda ndani akafunga vioo. Kasyoka aliweka viganja vyote viwili kwenye mlango, akafumba macho. Wanjiro alisimama kwenye kibanda chake na birika mkononi, akitazama.

"Benga," alisema Kasyoka. "Ya kwetu ya Ukambani." Akapiga besi yake kwenye bati la mlango kwa vidole, mpigo kwa mpigo.

Roble akabadilisha.

"Hiyo ni rege. Besi inakuja nyuma ya ngoma. Haina haraka."

Akabadilisha tena. Kasyoka alingoja. Alisogeza viganja juu, akavishusha. Halafu akafungua macho, akamtazama Roble kupitia kioo.

"Hapo hujaweka kitu," alisema. "Usinichezee."

Roble alishuka kutoka kwenye lori akiwa anatabasamu kwa aibu, akachukua bisibisi.

Kazi haikuwa rahisi. Alipong'oa redio ya kaseti, nyuma yake zilitokea nyaya zilizofungwafungwa na tepu nyeusi na mafundi wa miaka thelathini, rangi zote zimefifia zikafanana. Ilibidi azipime moja moja kwa taa ndogo: huu una moto wakati wote, huu unapata moto gari likiwashwa, hizi nne ni za spika. Redio mpya ilikuwa nyembamba ya kutosha nafasi ile ya zamani. Haikuwa na mahali pa kaseti wala sidii. Muziki ungetoka kwenye simu kwa Bluetooth, na mwenye gari angeweza kuipangia besi apendavyo. Kutoka kwenye betri Roble alivuta waya mnene, akaufungia fyuzi karibu na betri, akaupitisha kwenye tundu la ukuta wa injini baada ya kulivisha mpira ili bati lisiukate. Amplifaya ya kukuza sauti ilikwenda chini ya kiti cha abiria. Besi bapa, spika ya sauti nene, ilikwenda chini ya kiti cha dereva. Kisha akatoa kwenye kabati kitu cha chuma kama kisahani kizito.

"Hii haitoi sauti," alimweleza. "Inatetemesha tu. Ninafunga kwa chuma cha kiti. Nilileta mbili, hakuna mtu amewahi kutaka."

"Funga," alisema Kasyoka.

Saa kumi alasiri aliitwa akae. Roble aliwasha injini, akabonyeza redio, akaunganisha simu. Kasyoka alishika usukani. Besi ilikuja kutoka chini, ikapanda uti wa mgongo, ikajaa kifua kile kile kilichokuwa kimeoza na kudungwa na kupona. Alihesabu: moja, mbili, tatu, pumzika. Hakulia. Alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayekubaliana na jambo lililocheleweshwa kusemwa.

Wanjiro alikuja na kikombe cha chai, akainama dirishani. Kasyoka alimwona akikunja uso, akimwambia Roble kitu. Alimwona Roble akipunga mkono, vile watu hupunga wakisema wacha hiyo. Mkono huo aliujua. Kwa miaka mitatu alikuwa ameuona kila mahali, nyuma ya mabega ya watu.

"Amesema nini?" aliuliza.

"Si kitu, mama."

Kasyoka alimgeukia Wanjiro. Alimpa simu. Wanjiro alimtazama Roble, kisha akaamua.

"Hii kitu inapiga filimbi," alisema, na simu ikaandika. "Ukikanyaga mafuta inalia kama mbu. Nimemwambia. Amesema wewe haitakusumbua kwa sababu huskii."

Kasyoka alizima injini. Akaichukua simu, akatoka nje, akasimama mbele ya Roble. Yeye alikuwa mfupi na Roble alikuwa mrefu, lakini ni Roble aliyetazama chini.

"Mtu mwenye masikio angekubali kazi hii?"

"Hapana."

"Basi fungua."

"Mama, jua linashuka. Ni kutoa kiti, kutoa zulia, kurudi mwanzo wote. Na wewe mwenyewe..."

"Mimi mwenyewe nini?" Alimwonyesha kwenye simu sentensi iliyoishia katikati. "Roble, tangu niache kuskia, watu wananipimia makombo. Nyama wananipa ya mwisho, kwa sababu sikuskia wakichagua. Kitambaa wananiuzia chenye doa. Watu watapanda hili gari, na wataskia filimbi yako, na watasema kiziwi aliibiwa. Sitaibiwa. Nitalala Makindu kama lazima. Fungua."

Roble alitazama jua, akachukua spana. Kisha akapiga magoti, akaanza kulegeza nati za kiti.

Kosa lenyewe lilikuwa mahali pawili. Waya wa amplifaya unaofungwa kwenye bodi ya gari alikuwa ameufunga juu ya rangi, si juu ya chuma. Akakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, akaufunga upya. Na waya wa muziki alikuwa ameulaza pamoja na ule mnene wa betri, ukawa unavuta kelele za injini. Akauhamishia upande wa pili wa gari. Kila alipojaribu, Kasyoka alikanyaga mafuta na Wanjiro akakaa kiti cha abiria, aproni yake ikiwa bado kiunoni, akisikiliza. Mara ya kwanza alitikisa kichwa. Mara ya pili akatikisa kichwa. Wateja walimwita kutoka kibandani, akawaambia wajihudumie. Mara ya tatu aliinamisha sikio karibu kabisa na spika, akakaa hivyo, halafu akamwinulia Kasyoka kidole gumba.

"Nisamehe, mama," Roble alisema akifunga kiti. "Ile ya kwanza haikuwa kazi."

"Hii ndiyo kazi," alisema Kasyoka, akamlipa.

Alilala kwenye nyumba ya wageni karibu na hapo, na asubuhi akarudi Kitui na benga ikimpiga mgongoni kilomita zote. Hakwenda nyumbani. Aliegesha mbele ya duka la Muli, kati ya rundo la mabati na mifuko ya simiti, akaacha muziki ukiendelea. Wateja waligeuka. Muli alitoka nje, akazunguka gari zima akitazama kama limegongwa mahali.

"Watu wanacheka," alisema. Safari hii alisema kwa Kiswahili bila kuambiwa. "Kiziwi na redio. Nilipigiwa simu mbili asubuhi hii."

"Wacheke."

"Niambie sababu moja, Kasyoka. Moja tu. Redio ya nini?"

"Kwa nini lazima niwe na sababu? Hiyo yako hapo kaunta, inaimba tangu asubuhi mpaka jioni. Nani alikuuliza sababu?"

Muli alitazama redio yake, akatazama wateja.

"Nilikuwa nakuchunga," alisema kwa sauti ambayo lazima ilikuwa ndogo, kwa sababu simu iliandika nusu na Kasyoka akasoma nusu nyingine midomoni.

"Najua. Ulinibeba mgongoni. Sijasahau na sitasahau. Lakini nimepona, Muli. Hakuna mtu alikuambia?" Alinyoosha mkono. "Nataka namba za walimu wakuu wote. Sare nitapeleka mwenyewe."

Muli hakumpa siku hiyo. Aliingia ndani akapimia mtu misumari. Siku ya nne alituma daftari la namba kwa mkono wa mke wake, bila neno, na hadi Pasaka ikapita hakukanyaga kwa Kasyoka.

Shule mbili ziliacha kumpa kazi. Mwalimu mkuu wa moja alisema ni vigumu kuelewana naye, ingawa walikuwa wameelewana kwa maandishi dakika ishirini nzima. Kasyoka alimwambia usoni kwamba kilichomshinda si kuelewana, kisha akaendesha mpaka Nunguni, juu kule kwenye baridi, ambako hakuna aliyemjua, akapata shule tatu. Walimu wa huko walizoea upesi: kumtazama wakisema, kusema moja baada ya mwingine, kuacha simu mezani. Mjini Kitui vijana walimwita Mama Besi. Walidhani hajui. Alikuwa amelisoma jina hilo midomoni mwao muda mrefu, na mwezi wa tano alilishona kwa uzi mwekundu kwenye kitambaa cha kiti cha dereva.

Mwezi huo huo gari la Muli lilikufa gia, na alihitaji kufika Makueni kwenye mazishi ya rafiki. Alisimama langoni kwa Kasyoka amevaa suti, kofia mkononi, akasema kwa Kiswahili kwamba anaomba lifti. Kasyoka alimfungulia mlango wa mbele. Muli alikaa, akasikia sakafu ikitetemeka chini yake, akashtuka na kushika dashibodi. Kisha akanyoosha kidole akapunguza sauti.

Kasyoka aliihisi besi ikishuka mgongoni. Hakumtazama kaka yake. Alitazama kioo cha kulia, cha ndani, cha kushoto, akaingia barabarani, na akaongeza sauti.